Kabla hujaiamini namba ya Elo ya programu ya sataranji

Julai, baridi ya Uyole ikiuma kwelikweli, niliacha laptopu mezani usiku kucha programu mbili za sataranji zikipambana. Michezo 20, dakika 10 kila upande. Asubuhi, hata chai sijabandika, nikaangalia matokeo: 12 kwa 8. Jumamosi nikawaambia vijana ninaowafundisha waifute iliyoshindwa. Wiki mbili baadaye nikarudia pambano lilelile, na ile iliyofutwa ikashinda 11 kwa 9. Kijana mmoja akaniuliza, "Sasa mwalimu, tuirudishe?" Nilikosa jibu, na iliniuma, kwa sababu wao walikuwa wameniamini.

Jibu limo kwenye hesabu. Kupata pointi 12 kati ya 20 ni asilimia 60, na kwa kanuni ya Elo, mfumo wa alama unaopima nguvu ya wachezaji wa sataranji, hiyo ni tofauti ya alama 70 hivi. Lakini kwa michezo 20 tu, matokeo yanaweza kuyumba kwa zaidi ya alama 100, juu au chini. Ukitaka kupunguza kuyumba huko kwa nusu, lazima ucheze michezo mara nne. Laptopu moja ya nyumbani itachoka.

Ndiyo maana nakushauri uanzie kwenye orodha za watu wanaopambanisha programu na kuzipa alama kwa pamoja: CCRL, CEGT, au SSDF ya Sweden, ambayo imekuwepo tangu 1984. Ukifungua, macho yataikimbilia namba kubwa. Yazuie. Pembeni yake kuna safu yenye alama za kujumlisha na kutoa, na nyingine ya idadi ya michezo. Kama programu moja ina 3500 na nyingine 3490, na kila moja inayumba kwa 15, hapo hakuna aliyemshinda mwenzake. Tofauti ya 100 ndiyo inayosema kitu: mwenye nguvu anatarajiwa kuvuna kama asilimia 64 ya pointi.

Angalia pia mstari unaousoma. Programu hiyohiyo, Stockfish kwa mfano, huonekana mara kadhaa: toleo hili na lile, prosesa moja au nne. Ukilinganisha ya prosesa nne na ya prosesa moja, umepima mashine, hujapima programu. Wala usichukue namba ya CCRL ukaiweka kando ya namba ya CEGT. Kila orodha ina mizani yake, muda wake wa kufikiri na wapinzani wake. Hata Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa zamani, na 2882 yake ya mwaka 2014 haingii humo, kwa kuwa alama zile zimetokana na kompyuta kucheza na kompyuta.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, na nakutia moyo ujaribu, fupisha muda hadi dakika moja ili upate mamia ya michezo. Chagua mianzo (hatua za kwanza za mchezo) tofautitofauti, kila mwanzo uchezwe mara mbili kwa kubadilishana nyeupe na nyeusi. Bila hivyo programu kali zitakujazia sare tupu. Na laptopu ichomekwe muda wote. Huku kwetu umeme ukikatika katikati ya pambano, laptopu nyingi hupunguza kasi zikihamia kwenye betri, na michezo inayofuata inakuwa ya kipimo kingine. Mimi hiyo huitupa yote, naanza upya umeme ukirudi.