Seli zangu ziligoma kuongea miezi minne

Juzi nimepata meseji ya binti wa form six, PCB, yuko Iringa, ananiuliza dada na mimi nataka kusoma seli kama wewe, nianzie wapi. Nimekaa nayo siku mbili maana kila nikitaka kumjibu machungu yananirudia, mwisho nikaona nijibu hapa ili na wengine wenye ndoto hiyo msome.

Mimi wa Tukuyu. Kwetu moto ukizima asubuhi mtoto anatumwa kwa jirani na kigae, anapita kanjia ka kwenye migomba, anarudi na kaa la moto, habari ya kuzunguka barabarani haipo. Seli nazo zina njia kama hiyo. Zikigusana, kila moja inapanga protini sita zinazoitwa koneksini kwa duara, zinakuwa kimrija, cha huku kinaungana na cha kule, basi mlango umepatikana. Ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na molekuli ndogo zinapita, protini kubwa hazipiti. Umeme wa moyo unasafiri seli hadi seli kwa milango hii ndo maana moyo unapiga kwa pamoja, na aina moja ya koneksini, inaitwa koneksini 26, ikiwa na hitilafu mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi. Kamlango tu!

Kazi yangu ilikuwa kuupima huo mlango. Unakuza seli kwenye sahani, unazichana mstari mmoja kwa kisu kidogo, unamwagia rangi inayong'aa inaitwa Lucifer yellow, unasubiri dakika chache, unaosha, unaweka kwenye darubini. Zilizochanwa zinakunywa rangi afu zinawapa majirani, mng'ao unatakiwa usambae safu kwa safu. Mimi nilikuwa naona mstari tu, pembeni giza, miezi minne. Msimamizi wangu akasema mbele ya wenzangu huyu labda akafundishe tu. Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo liliniuma mara mbili na mpaka leo halijatoka.

Nikajifungia, nikawa naingia maabara usiku nisionane na mtu. Usiku mmoja fundi wa maabara, mzee wa watu, akachungulia darubini yangu akasema mwanangu, mbona hizi hazijagusana? Kweli, zilikuwa zimeachana kama nyumba za porini, haraka yangu ilikuwa inanifanya nizichane kabla hazijajaa sahani, sasa rangi ingepita wapi? Nikaziacha siku mbili zaidi. Mng'ao ulipoanza kutembea nililia kuliko siku niliyodhalilishwa.

Kwa hiyo mdogo wangu, uliza mapema. Uliza hata unapoona aibu, na waheshimu mafundi wa maabara, waulize na wao. Ila usimfungulie kila mtu, maana hata seli jirani yake akijeruhiwa kalsiamu ikajaa ndani, milango inafungwa ili isife naye, na wewe anayekuvunja moyo kila siku mfungie bila kuona vibaya.

Na usisubiri chuo. Mimea ina vijia vyake kati ya seli, Eduard Tangl aliviona kwenye mbegu mwaka 1879 akiwa na darubini ya mwanga, jamii ileile ya hiyo mnayofungiwa kabatini hapo shuleni. Kesho muombe mwalimu wa bayolojia ufunguo, akikunyima rudi Ijumaa.