Jibu: Miezi 14 bado anatambaa, ninunue kigari?

Habari dada. Unauliza kama ununue kigari cha kujifunzia kutembea, maana mwanao ana miezi 14 na bado anatambaa. Weka hela yako. Kwanza angalia: anasimama akishika kiti? Basi yuko njiani. Shirika la Afya Duniani linasema wenye afya huanza kutembea kati ya miezi 8 na 18 hivi.

Kifungua mimba wangu alianza na miezi 16, peku, uani hapa Kampala, akisukuma jerikani ya lita 20 niliyoitia maji kidogo isimkimbie, vidole vimeng'ang'ania mpini. Kigari hakiharakishi chochote, tena huangusha watoto. Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004.

Akipita miezi 18 hajatembea, au mguu mmoja ukiwa mlegevu hata sasa, mpeleke kliniki upesi.