Asidi za nyongo na asidi amino: kwa anayeanza kuotesha bakteria wa utumbo

Ukitia chumvi ya nyongo kwenye chupa ya bakteria kisha glisini, moja ya asidi amino, ikapanda, usikimbilie kuandika kwamba umetaboli, yaani jinsi seli zinavyotumia na kutengeneza kemikali, umebadilika. Huenda hiyo glisini umeitia mwenyewe. Ini huiunganisha asidi ya nyongo na glisini au taurini kabla ya kuitoa, na bakteria wengi, Lactobacillus na Bifidobacterium wakiwamo, wana kimeng'enya cha kukata muungano huo. Piga hesabu: glikokolati (asidi ya nyongo iitwayo kolati ikiwa imeungana na glisini) ya milimola 2 kwa lita ikikatwa yote huachia glisini milimola 2 kwa lita, karibu miligramu 150. Basi andaa chupa nne: isiyo na nyongo, yenye glikokolati, yenye kolati tupu, na yenye kolati pamoja na glisini milimola 2. Ile ya nne ndiyo wengi huisahau, na ndiyo inayoamua kesi: ikifanana na ya glikokolati, basi glisini iliyokatwa yatosha kueleza matokeo.

Unga wa nyongo ya ng'ombe uache kwa kazi hii. Ni mchanganyiko, hutajua kilichofanya kazi ni kipi. Matokeo ya panya nayo yatazame kwa jicho kali: nyongo yao imeungana zaidi na taurini, ya binadamu zaidi na glisini.

Tatizo linalopoteza wiki nzima ni pH. Lactobacillus anapochachusha sukari, midia (chakula cha kuoteshea bakteria) huwa chachu, na asidi ya nyongo iliyokwisha kukatwa huanza kuganda ikawa vumbi jeupe. Kipimo cha mwanga cha nanomita 600 hakijui tofauti ya vumbi na bakteria, kitakuambia wameongezeka. Pima pH kila unapochukua sampuli, na uhesabu makoloni kwenye sahani. Asidi ya lithokoli, aina nyingine ya asidi ya nyongo, haiyeyuki vizuri majini, hivyo itayeyushwe kwa ethanoli, na chupa ya ulinganisho ipate ethanoli kiasi kilekile.

Deoksikolati, nayo asidi ya nyongo, hupasua utando wa seli, na seli zilizokufa humwaga asidi amino zake nje. Anza na dozi ndogo, kwa mfano milimola 0.1, 0.3 na 1 kwa lita, uchague ile isiyopunguza sana ukuaji. Linganisha chupa zikiwa kwenye hatua moja ya ukuaji, si kwenye saa ileile ya ukutani: chupa yenye bakteria wachache itabakiza asidi amino nyingi hata kama kila seli inakula kama kawaida. Zungusha sampuli kwa sentrifuji kwenye baridi, chuja kwa mikromita 0.22, gandisha papo hapo kwa nyuzi -80.

Kwa Clostridioides difficile, bakteria wa utumbo anayeleta kuhara, taurokolati (kolati iliyoungana na taurini) pamoja na glisini huamsha spora, yaani seli zake zilizolala, ilhali deoksikolati huzuia seli kukua. Bakteria huyu hupata nishati kwa kuoksidisha asidi amino moja, kama leusini, na kuipa elektroni nyingine, kama prolini. Usipime kupungua kwa prolini peke yake. Pima na zao lake, 5-aminovalerati. Ukiona prolini haiguswi hata kwenye chupa isiyo na nyongo, kagua kama midia ina seleni, kwa sababu kimeng'enya kinachoipa prolini elektroni hakifanyi kazi bila hiyo.