Anza na Makaratasi, Nasaha Baadaye

Ukipata kazi ya ushauri wa wanafunzi katika chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili) kule Central Valley, bonde la mashamba la California, Marekani, wengi watakaoingia ofisini kwako ni vijana wa Kilatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao wazazi wao ni vibarua wa mashamba ya zabibu na mabanda ya kupakia matunda. Nyumbani hakuna aliyewahi kusoma chuo. Mimi ni Mkenya, kazi hii nimeifanya, na nakushauri hivi: shughulikia makaratasi kwanza. Maneno ya kutia moyo wameshayasikia ya kutosha.

Kijana akikwambia "niko sawa", mwombe afungue akaunti yake ya chuo hapo hapo, kwenye simu yake. Mara nyingi utakuta ujumbe wa ofisi ya fedha umelala humo, haujaguswa, unadai hati ya kodi ya mapato ya mzazi. Bila hati hiyo ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, haitoki, na kwa mwaka wa masomo 2024-25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, fedha ambazo kwa kawaida hazirudishwi. Usimwambie aende akashughulikie. Jibuni pamoja, atume, ndipo aondoke.

Nasema "kwa kawaida" kwa sababu kuna mtego. Mavuno ya zabibu yanagongana na mwanzo wa muhula wa Agosti. Mama anaumwa mgongo, kodi ya nyumba inadaiwa, kijana anaacha masomo yote kimya kimya na kwenda shambani. Akiondoka kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, chuo hupiga hesabu ya fedha ambazo hakustahili kubaki nazo, na anaweza kujikuta na deni. Kuna vyuo vinavyomzuia mwenye deni kujiandikisha tena. Kwa hiyo mweleze hesabu hiyo wiki ya kwanza, kabla hajaihitaji. Pengine atapunguza masomo mawili badala ya kuacha yote.

Kuhusu wazazi, wenzangu wengi kazini huwaona kama kizingiti. Mimi sikubaliani nao kabisa. Jioni moja ya kukaribisha familia, baba mmoja alikaa kofia ikiwa magotini, buti bado zina vumbi, akasikiliza maelezo yote ya digrii na mikopo, kisha akauliza jambo moja: binti yangu atakuwa anarudi nyumbani saa ngapi? Swali la maana hilo! Tulichapisha ratiba ya binti, tukaweka alama kwenye siku za maabara zinazoisha usiku, akaikunja akaitia mfukoni.

Tena usidhani kila mzazi anaelewa Kihispania. Familia nyingi huko zimetoka Oaxaca, jimbo la kusini mwa Mexico, na lugha yao ni Kimixteco, lugha ya wenyeji wa huko, kwa hiyo tafuta mkalimani. Kijana asigeuzwe mkalimani wa habari za mapato ya baba yake.

Habari ya vibali vya kuishi nchini usiiulize mbele za watu, wala usibahatishe majibu. Mwanafunzi asiye na kibali hastahili msaada wa serikali kuu, lakini California ina fomu yake ya Dream Act kwa ajili ya msaada wa jimbo. Mwenye hofu kuhusu taarifa za wazazi wake mpeleke kwa mwanasheria wa msaada wa bure kabla hajajaza chochote. Namba za wanasheria hao zitafute mapema, uziweke kwenye droo.