Usihesabu Mazao, Hesabu Maadui Wake

Msimu niliopoteza karibu kila kitu, shambani kwangu kulikuwa na mazao matatu: mahindi, mtama na uwele. Nilikuwa nalala bila wasiwasi, maana nilishaambiwa mara nyingi kwamba mkulima asitegemee zao moja. Viwavijeshi vamizi walipoingia hawakubagua. Walianza na mahindi, wakahamia kwenye mtama, na uwele nao haukusalimika. Nilifungua moyo wa mmea mmoja wa mahindi nikakuta kinyesi chao kama unga wa mbao uliolowa, na chini yake kiwavi mnene mwenye alama ya herufi Y iliyopinduliwa kichwani. Nikafungua wa pili, wa tatu, wa kumi. Hali ileile.

Kosa langu lilikuwa kuhesabu mazao bila kuhesabu maadui wake. Yote matatu ni nafaka. Yanaliwa na wadudu walewale, yanafyonza rutuba ileile, na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, kikishaingia shambani kinayanyonya yote. Ndiyo maana siku hizi mkulima akiniambia amechanganya mazao, namuuliza kwanza: ni jambo gani likitokea litayaangusha yote kwa pamoja?

Hata wingi wa aina za mbegu unaweza kutudanganya. Mwaka 1970 wakulima wa Marekani walikuwa na mahindi chotara ya majina mengi, lakini sehemu kubwa ya mbegu hizo ilikuwa na asili moja upande wa mama. Ugonjwa wa ukungu wa majani ukaukuta udhaifu huo mmoja, na takriban asilimia 15 ya mavuno ya mahindi ya nchi nzima ikapotea.

Baada ya wadudu, tazama mvua. Mahindi huumia zaidi ukame ukiyakuta yanatoa mbelewele (maua ya kileleni) na ndevu. Wiki mbili tu za jua kali wakati huo zinatosha kukuachia magunzi yenye punje za kuhesabu, hata kama mvua ilinyesha vizuri kabla na baada yake. Muhogo haupo hivyo: hupukutisha majani, ukasubiri, mvua ikirudi ukachipua tena. Kwa hiyo tafuta mazao ambayo siku zake za hatari hazigongani.

Ninalolipenda kuliko yote ni mbaazi ndani ya mahindi. Miezi ya mwanzo mbaazi hukua polepole mno, kiasi kwamba mgeni akipita anaweza kudhani imekataa. Polepole hiyo ndiyo faida yake, kwa sababu haigombanii jua na mahindi. Mahindi yakishavunwa, inapata nafasi, inatanuka, na mizizi yake mirefu inafuata unyevu wa chini ambao mahindi hayakuufikia. Unavuna mara mbili kwa wakati tofauti kwenye shamba lilelile.

Kuhusu mikunde kurutubisha udongo, usiishie kuambiwa, kaangalie mwenyewe. Mmea wa kunde ukianza kutoa maua, uchimbue taratibu bila kukata mizizi, uusuuze, kisha upasue kinundu kimoja kwa kucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni kutoka hewani. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kazi inayofanyika. Maharage ya kawaida ni hafifu kwenye kazi hii ukiyalinganisha na kunde au karanga. Tena naitrojeni nyingi hubaki kwenye majani, mashina na punje. Mimi kwa misimu miwili niling'oa mimea mizima, nikapukuchua na kuchoma mabaki, halafu nikashangaa mahindi yaliyofuata kuwa ya njano. Sasa nakata juu ya udongo, mizizi inabaki, na mabaki yanarudi shambani.

Usikimbilie mazao manane. Kila zao lina palizi yake, wadudu wake na namna yake ya kuhifadhiwa, na mikono ni ileile. Mawili au matatu yasiyofanana yatakulinda vizuri zaidi. Na mnunuzi atafutwe kabla ya mbegu: niliwahi kuvuna alizeti nzuri sana nikakaa nayo ndani, kwa kuwa hapakuwa na mashine ya kukamua karibu.

Msimu wa kwanza tenga robo ya shamba tu kwa zao jipya, kwingine endelea na ulilolizoea. Weka daftari. Andika tarehe ya kupanda, tarehe ya maua, mdudu uliyemwona na siku uliyomwona, na debe ngapi umevuna. Daftari langu ndilo lililonionyesha kwamba kunde zangu zilikuwa zinachanua wiki ileile mahindi yanapotoa ndevu. Msimu uliofuata nikachelewesha tarehe ya kuzipanda, siku zao za hatari zisigongane.