Kwa mnaoanza utafiti wa anga za juu chuo cha kijeshi: anzeni na ya kwenu

Wadogo zangu mliopangiwa dawati la anga za juu mwaka huu, hongereni na poleni kwa pamoja, maana mkiingia mesi mtaulizwa "nyie roketi mnarusha lini?" na mtaulizwa hivyo hivyo mpaka kozi iishe, zoeeni tu. Mimi ni raia, mtu wa Tanga, kazi yangu ni kusoma rasimu za maafisa kabla hazijafika kwa supavaiza, na haya ndiyo ninayoyarudia kila mwaka.

La kwanza ni topiki. Karibu kila anayekuja anakuja na "Ushindani wa Marekani na China angani". Sasa jamani, kule Colorado Springs kwenye chuo cha jeshi la anga la Marekani kuna kituo kizima cha Eisenhower cha mambo hayo, na wanafunzi wao wanaunda setilaiti kwa mikono yao, zile FalconSAT, wewe utamwambia nini kipya mtu wa pale? Jiulize nchi yako inategemea nini huko juu na kikizimwa nani anaumia kwanza. Hapo wewe ndiye mwenyeji.

Kuna luteni mmoja nilimpeleka mwalo wa wavuvi unaoitwa Deep Sea, hapa Tanga, alfajiri, boti zinaingia, akamkuta nahodha ana GPS ya mkononi kaifunga kwenye mfuko wa rambo isilowe. Akamuuliza, mzee wangu, hii ikizima? Mzee akanyoosha kidole kwenye milima ya Usambara, akasema mchana naangalia ile, usiku taa ya Ulenge, "ila nikishaingia mkondo wa Pemba kukiwa na ukungu mwanangu hapo namuomba Mungu tu". Luteni akapata swali lake pale pale: utegemezi unaanzia wapi, na meli kubwa je, na meli za mafuta zitakazokuja kubeba mafuta ya Hoima, Uganda, pale Chongoleani? Ukifuatilia zaidi unakuta GPS si ramani tu, mitandao mingi ya simu duniani inachukua saa yake humo, na setilaiti zenyewe ziko kilomita kama 20,200 juu, mwenye nazo ni Marekani na anayeziendesha ni jeshi lao la anga za juu lililoanzishwa Desemba 2019. Hiyo tayari ni ishu ya usalama wa taifa na hujamtaja Mchina hata mara moja.

La pili, Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 usomeni wenyewe, una ibara 17 tu, unaumaliza chai haijapoa. Naona kila rasimu imeandikwa "mkataba umepiga marufuku silaha angani" na si kweli. Ibara ya 4 inakataza kuweka nyuklia na silaha za maangamizi kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, na inakataza kambi na majaribio ya silaha kwenye Mwezi na sayari nyingine. Kombora la kutoka ardhini kwenda kupiga setilaiti halijatajwa, ndiyo maana China ilipopiga setilaiti yake Fengyun-1C Januari 2007, India 2019, Urusi 2021, kelele kubwa zilikuwa za vyuma chakavu. Ule mlipuko wa China peke yake uliacha vipande zaidi ya 3,000 vya kufuatiliwa.

Halafu msiniandikie kwamba Afrika Mashariki haina historia kwenye haya mambo, naudhika kweli. Vuka Horohoro, pita Mombasa, nenda Malindi, pale Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia roketi la San Marco baharini na tarehe 12 Desemba 1970 likarusha setilaiti ya Marekani ikapewa jina Uhuru. Mwaka 1976 Kenya na Uganda zilikuwemo kwenye mkutano wa nchi za Ikweta huko Bogotá, Colombia, zikidai ile obiti ya kilomita 35,786 juu ya Ikweta, ambako setilaiti inaonekana kama imesimama sehemu moja, ni mali ya nchi zilizo chini yake, dai halikufika mbali ila swali la nani anagawiwa nafasi zile lipo mpaka leo. Na Desemba 30, 2024 likadondoka toka angani duara la chuma kijiji cha Mukuku, Makueni huko Kenya, upana kama mita 2.5 na uzito kama kilo 500. Fikiria limeangukia shamba la minazi Pangani, nani analipa? Mkataba wa fidia wa 1972 unasema madhara ya ardhini nchi iliyorusha inalipa hata kama haikuzembea, lakini setilaiti kwa setilaiti huko juu lazima uthibitishe kosa. Topiki hiyo naitoa bure, chukueni.

Kuhusu siri: msizikimbilie. Picha za rada za Sentinel-1, setilaiti za Ulaya, ni za bure, zinaona meli usiku na hata kukiwa na mawingu, pamoja na zile zilizozima vifaa vya kujitambulisha, jaribuni mkondo wa Pemba muone. Ila vitu vya wazi ukivikusanya sehemu moja vinaweza kugeuka nyeti, kwa hiyo kibali cha mkuu wako kwanza, kuchapisha baadaye, na kibali kiwe cha maandishi.

Msisahau ardhi pia. Februari 24, 2022 mtandao wa intaneti ya setilaiti wa KA-SAT ulishambuliwa kwa udukuzi vita ya Ukraine inaanza, setilaiti haikuguswa, zilizokufa ni modemu, na maelfu ya mitambo ya upepo Ujerumani ikakosa mawasiliano.

Kwenye semina najua kapteni hawezi kumwambia kanali "umekosea". Sema "Afande, naomba ufafanuzi kwenye ibara ya 4" halafu uisome kwa sauti, inatosha kabisa. Rasimu leteni zimeprintiwa upande mmoja, nasoma kwa kalamu, na mkichelewa dedilaini msinipigie simu usiku, mpigieni supavaiza.