Taa ya chungwa: kwa mnaoanza kazi ya seva hapa Tanga

Wadogo zangu, nitaanza na kosa langu, maana ndilo lililonifunza kazi hii.

Ilikuwa ofisi moja pale Chumbageni. Seva ilikuwa na diski nne zilizopangwa kwa RAID 5, mpangilio unaovumilia kufa kwa diski moja tu. Moja ikafa. Taa yake ikawaka rangi ya chungwa, programu ya usimamizi ikatuma barua pepe ya onyo, na barua hiyo ikaenda kwa mwenzetu aliyekwisha kuhama kazi. Chumba kimefungwa, kiyoyozi kinavuma, watu wanaendelea na shughuli zao kwa kuwa diski tatu zilizobaki zilibeba mzigo wote. Wiki ya tatu ikafa ya pili. Nakala ya akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Nililia siku ile, nawaambieni kweli.

Kwa hiyo ukikabidhiwa seva, hakikisha kwanza kwamba onyo linamfikia mtu aliye kazini. Weka anwani ya kitengo kizima, na ujumbe wa simu ikiwezekana. Halafu jaribu. Kama seva ina pawa saplai mbili na zote ni nzima, mjulishe mkuu wako, chomoa waya mmoja, usikilize kama simu inalia. Kama hailii, bado huna uangalizi wowote, hata kama skrini ina grafu nzuri za kupendeza.

Seva nyingi za ofisini zina kompyuta ndogo ndani ya bodi kuu, inayofanya kazi hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa. Kwenye mashine za Dell inaitwa iDRAC, kwenye za HPE inaitwa iLO. Kwa njia hiyo unasoma joto, mwendo wa feni na hali ya pawa saplai, na unaweza kuiwasha seva ukiwa umekaa kwako Raskazone. Lugha yake ya zamani ni IPMI, iliyotoka mwaka 1998. Mpya ni Redfish ya mwaka 2015. Uwezo huo ukiangukia mikononi mwa mwizi ni balaa. Badilisha nywila ya kiwandani siku hiyohiyo, na usiiache kamwe kompyuta hiyo ndogo ionekane kwenye intaneti. IPMI 2.0 ina udhaifu wa kimaumbile: anayejua jina la mtumiaji anaweza kuipata nywila kwa umbo lililofumbwa, akaenda kuifumbua kwake taratibu. Poti 623, mlango wa mtandao ambao IPMI huutumia, ibaki kwenye mtandao wa ndani uliotengwa.

Sasa joto. Msimu wa kaskazi hapa kwetu mnaujua. Hewa inayoingia mbele ya seva inapendekezwa iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Lakini msitegemee kipimo cha chumba peke yake. Andikeni mwendo wa kawaida wa feni za seva yenu. Chumba kikiwa na joto lilelile na feni zikawa zinakimbia kuliko mwezi uliopita, mara nyingi ni vumbi limeziba. Na kiyoyozi kikifa, msifungue dirisha la upande wa bahari mkaliacha hivyo siku nzima. Hewa ya chumvi hula viunganishi polepole.

Saa nayo iangalieni. Daftari la matukio likiwa kwenye saa ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, tukio lililoandikwa 23:00 limetokea saa nane usiku kwetu. Nimeona watu wakimlaumu mlinzi wa zamu isiyohusika kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu diski, someni SMART, yaani taarifa za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe, hasa namba 5 na 197: sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Zikianza kupanda, msingoje. Ila diski hufa pia bila dalili, na zilizo nyuma ya kadi ya RAID, ile inayoziunganisha diski ziwe kama moja, mara nyingi hamtaziona mpaka mtumie programu ya kadi hiyo. Ndiyo maana nasisitiza diski ya akiba iwe kabatini, ya ujazo uleule au zaidi. Ya kuagiza Dar es Salaam itafika na basi la kesho, kama dukani ipo.